Kutafuta Mtaa kwa Magongo

Jumanne, 5 Februari 1974. Bunda.

Nimeshona kaptula sita za shule tangu asubuhi. Mguu mmoja unatosha kwa cherehani. Mchana Nyasatu akarudi kutoka kituo cha afya, si kawaida yake. Akakaa bila kuvua yunifomu. Amehamishwa. Anatakiwa hospitali ya Musoma, wodi ya wazazi, tarehe nne mwezi ujao. Barua inasema ipo nyumba ya serikali kwa muuguzi mwenye familia, ila mtu aende kuiona na kutia saini mapema. Yeye hapati ruhusa. Wakunga hapa ni wawili tu.

Nikasema nitakwenda mimi.

Alitazama uani. Tangu mguu wangu wa kulia ukatwe juu ya goti sijatoka nje ya ule ua, isipokuwa kanisani mara mbili, nikiwa nimebebwa kwenye baiskeli. Sasa ni mwaka na zaidi. Nyoka aliniuma kwenye pamba, nikachelewa kufika kwa daktari. Basi.

Alhamisi, 7 Februari.

Naogopa. Naandika ili niache kuogopa. Haisaidii.

Nyasatu anaongelea nyumba hiyo kila akipika. Maji ya bomba ndani. Taa ya umeme. Amekulia Bugwema, alikuwaga anachota maji alfajiri kabla ya shule. Sijawahi kumsikia akitamani kitu kwa sauti namna hii. Rebeka, binti yetu, ana miaka minane, anauliza kama taa ya umeme inazimwa kwa kupuliza.

Jumatatu, 11 Februari. Kwa Mama, upande wa Butiama.

Basi lilinishusha barabarani. Jirani mmoja akanipakia kwenye baiskeli hadi kwa Mama. Hajaniona tangu hospitali. Alinishika kifuani kwanza, halafu mabegani, halafu akashuka hadi palipokatwa. Hakulia. Akaenda kunipikia ugali wa mtama na mlenda.

Kaya zinahamishwa. Wote waliokuwa wametawanyika huku vilimani wanakwenda kukaa kijijini, kandokando ya barabara, viwanja vimepimwa kwa kamba. Nyumba ya Mama imeshaandikwa namba kwa chokaa mlangoni. Kaburi la Baba litabaki huku peke yake. Nilimwuliza kama amepata kiwanja kizuri. Alisema hajui, hajakiona.

"Hukwenda kuangalia?"

"Nilikwenda kwa mwenyekiti. Nikamwomba aniweke karibu na Wegesa. Wengine waliuliza udongo. Mimi niliuliza nitaamka namsalimia nani."

Wegesa ni mke mwenzake. Walikuwa hawapatani Baba alipokuwa hai. Nilidhani anatania. Hatanii.

Jumanne, 12 Februari. Musoma.

Nimefikia nyumba ya wageni ya kanisa. Nimechoka sana. Makwapa yamechubuka. Kesho nyumba ya serikali.

Jumatano, 13 Februari.

Karani wa hospitali ni kijana mpole. Alinipa ufunguo na kunionyesha kwa kidole. Juu ya kilima, katikati ya mawe makubwa.

Nyumba ni nzuri. Niandike ukweli. Sakafu ya saruji, laini kama sahani. Vyumba vitatu. Nilifungua bomba, maji yakatoka. Nilibonyeza swichi, taa ikawaka mchana kweupe. Nilisimama pale nikiiangalia kama mshamba.

Kisha nikatoka nje. Kimya. Nyumba nne nyingine, milango imefungwa, wenyewe wako kazini. Hakuna duka. Hakuna mtu anayepita, maana njia haiendi kokote zaidi ya pale. Nikajiona nimekaa kwenye ile sakafu kuanzia asubuhi hadi Nyasatu arudi. Mwaka huu, na mwaka kesho.

Wakati wa kushuka gongo liliteleza kwenye changarawe. Nilibiringika. Nilipotulia kichwa kilikuwa chini, mguu juu, gongo moja liko mbali. Nililala hapo muda mrefu. Niliita. Hakuna aliyesikia. Mwishowe wanawake wawili waliobeba kuni walinikuta, wakaninyanyua kila mmoja upande wake, wakanipangusa vumbi kama mtoto. Mmoja aliniambia pole baba. Nililia mbele yao.

Nimerudisha ufunguo. Karani akaniuliza kama natia saini. Nikamwambia mke wangu hataki.

Sijui maneno hayo yalitoka wapi.

Alhamisi, 14 Februari.

Mwili wote unauma. Nimetembea hivyo hivyo. Sina nyumba sasa, lazima nitafute.

Asubuhi mtaa wa Mwisenge. Kuzuri, upepo wa ziwa, lakini mchanga unameza magongo. Hatua ishirini na moyo unakwenda mbio. Kutoka hapo Nyasho, sokoni. Kuna kila kitu na watu wengi mno. Nilisukumwa mara mbili, bila ubaya. Hapana.

Mchana Iringo. Ardhi imeshindiliwa, tambarare. Nilianza kuhesabu. Duka la kwanza hadi mashine ya kusaga, hatua themanini. Mashine hadi bucha, arobaini. Karibu kila nyumba ina baraza mbele na mtu amekaa, kwa hiyo nikichoka nakaribishwa. Nilikaribishwa barazani mara nne. Fundi wa viatu aliangalia magongo yangu bila kuniuliza habari za mguu. Akasema raba za chini zimekwisha. Akakata mpira wa tairi, akanigongea mpya palepale. Mwisho wa mtaa unaona ziwa, na akina mama wanaouza samaki, furu na ningu, kwenye ungo.

Nilijisahau. Ndiyo neno lenyewe. Kwa kama saa mbili nilisahau kwamba mimi ni mtu wa kuhurumiwa.

Bibi Ester, mjane, ana vyumba viwili na baraza vya kupangisha. Maji ni bomba la mtaa, kona ya pili. Taa ni ya mafuta. Paa linavuja upande mmoja, alinionyesha mwenyewe. Aliniuliza maswali makali kama hakimu. Nafanya kazi gani. Nasali wapi. Kama mke wangu ana hasira. Nikamwambia mke wangu ni mkunga. Akasema tuje.

Jumamosi, 16 Februari. Bunda.

Nimemwambia Nyasatu kwamba ile nyumba walishampa mtu mwingine kabla sijafika.

Aliuliza, "Walishampa?" Nikasema ndiyo. Akaendelea kuchana nywele za Rebeka na kumsuka. Baada ya muda akasema si kitu, tutazoea. Nilimwelezea Iringo. Alisikiliza kwa adabu.

Mimi ni mwongo. Sikuwa hivyo.

Jumamosi, 2 Machi. Musoma.

Tumehama. Lori la pamba lililokuwa halina mzigo lilitubeba. Vitanda viwili, cherehani, masufuria, kuku watano. Majirani walitusaidia kushusha kabla hatujaomba. Bibi Ester alileta uji. Usiku mvua ikanyesha na paa likavuja pale pale aliposema.

Jumapili, 10 Machi.

Cherehani iko barazani. Wateja kumi na mmoja wiki hii. Rebeka anakwenda shule na watoto wa mtaa, wanaimba njiani. Mimi najua majina ya watu thelathini.

Nyasatu anaamka gizani, anachota maji kona ya pili, anatembea kilomita mbili hadi wodini, anarudi miguu imevimba. Halalamiki. Kila anapoloweka miguu kwenye beseni nataka kumwambia. Simwambii.

Jumanne, 12 Machi.

Amejua.

Wodini kuna muuguzi mgeni kutoka Tarime. Leo alimshika Nyasatu mkono mbele ya wenzake wote, akamshukuru kwa kumwachia nyumba ya kilimani. Karani alimwambia kuwa mke wa fundi ndiye aliyeikataa. Nyasatu alimjibu, "Karibu." Akaendelea kuzalisha hadi jioni.

Aliniambia haya akiwa amesimama, mkoba bado begani. Halafu akaenda kupika.

Ijumaa, 15 Machi.

Siku tatu. Anasema na Rebeka, anasema na Bibi Ester. Mimi ananiwekea chakula. Mtaa mzima unajua kuna jambo, na hakuna anayeuliza. Jioni nilimwomba akae. Nilimweleza kilima chote. Changarawe, wanawake wa kuni, kulia. Kimya cha zile nyumba. Sikujitetea.

Alikuwa ameshika mwiko. Alisema taratibu:

"Baba Rebeka, kutembea nimetembea maisha yangu yote. Maji nimechota tangu sijafika umri wa huyu. Umenifanya nionekane mtu asiyejua analolikataa. Na ulianguka ukanificha. Mimi nafunga vidonda vya watu nisiowajua."

Nikasema nisamehe.

Akasema hajui bado. Akaniambia nivue shati. Mchubuko wa mgongoni, wa kule kilimani, ulikuwa umeshapona, limebaki doa. Aliligusa kwa vidole viwili, kama anavyowagusa wagonjwa, akaniambia nivae.

Jumapili, 17 Machi.

Baada ya kanisa alisema twende tukaione. Sikubisha.

Ilituchukua karibu saa nzima kupanda. Yeye nyuma yangu. Nilisimama mara nyingi, hakunihimiza wala hakunishika. Muuguzi wa Tarime alitukaribisha kwa furaha, hakujua kitu. Alitupa maji ya bomba kwenye glasi. Nyasatu aliomba kuona vyumba. Alipita kila chumba. Jikoni alifungua bomba, akaweka mkono chini ya maji, akauacha hapo. Halafu akawasha taa. Akaizima.

"Ni nzuri," alisema.

"Nzuri sana," nikasema.

Kushuka, alitangulia yeye. Hatua moja mbele yangu, kidogo kushoto, ili nikianguka nimwangukie. Pale nilipoanguka nilimwonyesha. Alisimama akaangalia mawe, akaangalia umbali wa barabara. Nilimwona anapima. Alifuta uso kwa kanga. Sikujua ni jasho au nini, na sikuuliza.

Tulipofika chini akaniambia kama nyumba nyingine ya serikali itapatikana huku chini, kwenye tambarare, ataiandikia barua. Mwenyewe, kwa mkono wake. Na tutakwenda kuiona wote. Nimekubali.

Jumatano, 20 Machi.

Habari kutoka kwa Mama. Amehamia kijijini. Nyumba ya zamani imebomolewa, miti ya paa wameibeba. Wegesa yuko kiwanja cha pili. Aliyeleta salamu anasema wanagombana kila asubuhi kuhusu kuku, na mchana wanapalilia pamoja. Nilicheka, halafu nikawaza lile kaburi la Baba.

Nimepanda juu ya paa kwa ngazi ya Bibi Ester, jirani akishikilia chini, nimeziba panapovuja kwa lami. Nyasatu alirudi akanikuta juu. Alisema nishuke polepole. Ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu tangu Jumapili.

Jumatatu, 25 Machi.

Leo zamu yake ilianza saa mbili. Nilipoona anafunga viatu nikachukua magongo. Aliniangalia. Hakusema nibaki.

Mvua ilikuwa imekatika usiku, njia imara. Tulipita mashine ya kusaga, tukapita bucha. Fundi wa viatu alitusalimia. Nyasatu anatembeaga haraka, leo alitembea mwendo wangu. Alinionyesha mti anaopumzikia wakati wa kurudi. Nilikuwa sijui kwamba anapumzika.

Kwenye lango la hospitali walikuwapo wauguzi watatu wanaingia zamu. Nilitaka kugeuka mapema. Alinishika kiwiko.

"Huyu ni mume wangu," aliwaambia. "Ni fundi cherehani. Tunakaa Iringo."

Wakanipa mkono mmoja mmoja. Kisha wakaingia. Nilisimama hadi alipopotea nyuma ya mlango wa wodi, nikarudi nyumbani kwa miguu.