Sukari Huungua Ikifika Zamu Yako

Nyumbani kwa Mama,
Nyuma ya karakana ya seremala.
Jumamosi, 14 Juni, asubuhi.

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Nakusalimu kwanza, maana hata mgomvi ana salamu. Hujambo? Mgongo unaendeleaje? Na shemeji yangu mpole, bado anaamka kabla ya majogoo? Mapacha wameshaota meno ya mbele, au bado wanacheka kama vikongwe? Mimi ni mzima, ila situlii. Tangu nianze barua hii nimesimama mara tatu: mara kufunga dirisha, mara kulifungua, mara kuangalia jiko ambalo halijawashwa. Jirani yetu fundi cherehani amenichungulia akasema, "Jirani, utaitoboa sakafu." Nimemjibu kwamba sakafu ni ya kwetu.

Simu zangu hupokei, na sikulaumu. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Barua hutaweza kuikata nikiwa katikati ya sentensi.

Habari ya Mama. Ulimwona hospitalini wiki ile ya kwanza ya kiharusi. Ulikaa naye saa ambazo mimi niko kazini, gazetini, kisha ukaondoka bila kukanyaga nyumbani kwa kuwa nipo. Nilijua. Harufu ya mafuta yako ilikuwa bado kwenye shali lake. Sasa mguu umepata nguvu, na mkono wa kushoto unashika kikombe. Tatizo ni ulimi. Daktari alisema maneno yatarudi akiyatumia, asipoyatumia, yatamkimbia. Na Mama hayatumii.

Sababu nitakueleza, na usicheke kabla sijamaliza. Hospitali ilimtuma binti mmoja, mtaalamu wa mazoezi ya kusema, aje kila Jumatatu na Alhamisi. Ana adabu, ana daftari, ana kadi za picha. Siku ya tatu nikachungulia daftari lake. Ameandika: "Mgonjwa anavuta maneno kupita kiasi. R inaelekea kuwa L. Athari ya kiharusi."

Damu ikanipanda. Nikamwambia, "Mwanangu, hiyo si athari ya kiharusi, ni athari ya kuzaliwa. Ukitaka kuitibu, anza na babu yake." Nikamhubiria nusu saa nzima. Kwamba hakuna mdomo uliozaliwa na makosa. Kwamba watu wa kwao Mama wanavuta maneno kwa sababu walizoea kuitana kutoka mlima mmoja hadi mwingine. Kwamba mtu anayeita lafudhi ya mtaa wake "lugha safi" ni mvivu wa kusafiri tu. Nilisema vizuri sana. Ungenipigia makofi.

Binti akasubiri nipumue, akafungua mkoba, akatoa makala zangu. Kumi na moja, zimekatwa gazetini na kubandikwa kwenye karatasi ngumu.

"Lakini mzee," akasema, "haya nimejifunza kwako. Chuoni tulikuwa tunakusoma."

Ya juu kabisa ilikuwa ile.

Unaijua ni ipi. Ile niliyoandika juu ya "ndugu yangu mmoja, mwalimu", anayewafundisha watoto kusoma kwa ulimi unaoburuta miguu. Nilidhani nafanya utani wa kifamilia, mbele ya wasomaji maelfu. Nasikia wenzako waliibandika ukutani katika ofisi ya walimu, na mkaguzi akaisoma kwa sauti nawe umekaa pale pale. Miaka minne sasa. Nimebishana na wakubwa wa kila aina na nikalala usingizi wangu wote, lakini karatasi ile mikononi mwa yule binti ilinikalisha kwenye ngazi.

Tangu asahihishwe na binti huyo mara mbili tatu, Mama amefunga mdomo. Kwangu anatikisa kichwa tu. Bwana Nukta, jina alilonibandika tangu niko shule kwa kusahihisha kila mtu, hata hilo halisemi. Kuna mahali pamoja tu anapofungua kinywa: mbele ya sufuria ya tofi.

Najua hujasahau zinavyopikwa, ila naandika kwa ajili ya mapacha, huenda ukawasomea. Sukari inayeyushwa kavu kwenye sufuria nzito. Ikianza kuwa kahawia pembeni, Mama haangalii saa, anaita. Anaita ndugu zake tisa kwa kufuatana walivyozaliwa, walio hai na waliotangulia, kisha mimi, kisha wewe. Kila jina analivuta kama anamwita mtu aliye bondeni. Nawe wa mwisho ulikuwa ukiitika "Abeee", na hiyo ndiyo ilikuwa alama: sufuria inatoka motoni, maziwa ya moto na siagi vinaingia. Hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kuandika dakika.

Mimi msomi nilijaribu peke yangu wiki iliyopita ili nimfurahishe. Niliita majina yote kwa lafudhi yangu ya mjini, nikamaliza kabla sukari haijajua kama nimeanza. Tofi zikatoka nyeupe, utamu mtupu usio na roho. Mara ya pili nikatumia saa ya simu. Zikaungua, kwa sababu simu haioni moto. Mama, moto ukichachamaa, huharakisha mwito, ukilegea naye hulegeza.

Jumatano akanisukuma kando, akashika mwiko. Akaita. Sauti ilikuwa nyembamba, lakini kila jina lilitoka zima, limevutwa vile vile, hakuna aliyerukwa. Nilisimama nimeshika maziwa. Likaja langu, nikaitika. Kisha akaita, "Kitiiinda." Akasubiri, mwiko hewani, akitazama mlango. Sukari ikaanza kutoa moshi. Nikaitika mimi, "Abee." Alinitazama kama mtu aliyebisha hodi nyumba siyo. Akaendelea kusubiri mpaka sufuria ikawa nyeusi.

Alhamisi vile vile. Jana vile vile. Sufuria naisugua kwa mchanga mpaka vidole vinachubuka, na kesho yake naiteleka tena, maana hayo majina kumi na moja ndiyo maneno yake yote ya siku.

Sasa neno langu. Nimeandika makala ya kuikana ile. Mhariri alikunja uso: "Watu wanakusoma ukigomba, si ukiomba radhi." Nikamwambia nagomba, ila safari hii nagomba na mimi mwenyewe. Inatoka Jumanne, ukurasa ule ule, kwa jina langu kamili. Sisemi kwamba inafuta kitu. Maji yakimwagika hayazoleki, na ndoo niliipiga teke mimi. Binti wa mazoezi naye ameikata ile mistari kwenye daftari. Anasema tumekosea wote wawili, mimi zaidi. Sikumbishia, jambo lililomtia wasiwasi juu ya afya yangu.

Kama huwezi kunitazama, nitahamia kwa fundi cherehani siku zote utakazokuwa hapa. Ana chumba cha vitambaa. Amekubali kwa sharti moja, nisimsahihishe maneno.

Ndani ya bahasha utakuta vipande viwili. Cheupe ni cha haraka yangu. Cheusi ni cha Jumatano. Kile cha kahawia, cha pembeni ya sinia, kinachong'ang'ania meno kama ulivyokipenda tangu utotoni, sina cha kukutumia.

Msalimie shemeji, mwambie yule mjomba mkali wa mapacha amefugika kidogo. Wabusu mapacha. Shangazi anakusalimu, alikuja juzi na kuondoka ananuka moshi. Mungu aulinde mgongo wako, na awafungulie njia wote mnaosafiri.

Jiko linawashwa kila siku saa kumi jioni. Usinisemeshe, si lazima. Simama tu mlangoni, na Mama akifika kwako, itika.

Akupendaye hata ukiwa umemfungia mlango,
kaka yako,
Bwana Nukta.