Firigisi ni ya Opicho

Baba Nangila,

Nimeenda kufungua kibanda Kariobangi. Kuku yuko kwa sufuria kubwa, maliza kumpika. ~~Ugali usonge ukaze, ndivyo dada yako anavyoupenda.~~ Songa wa kulegea.

Sasa sikia. Firigisi ni ya Opicho. Najua kwenu hupewa mwenye nyumba au mgeni wa heshima, lakini leo si yako na si ya dada yako. Mwekee kijana kwa sahani yake, polepole, huyo shangazi yake akiangalia.

Kwenye maombi ya asubuhi wewe ulifumba macho, mimi nilikuwa nahesabu. Dada yako alimwombea Nangila, akamwombea Wekesa, akaombea hata gari lako lililolala kwa fundi. Akamruka Opicho. Tulimchukua akiwa na miaka kumi, korti ikasema ni wetu, mchungaji akambariki, na bado kwa dada yako huyo ni mtoto wa watu. Na ni Opicho aliyeitika Amina kwa sauti kutushinda sote.

Nimemwambia leo yeye ndiye ataombea chakula, ataje kila mtu kwa jina, ila amruke shangazi. Amekataa. Anasema atamtaja wa kwanza.

Nilikasirika, halafu nikakumbuka Biblia: ukimtendea adui mema, unampalia makaa ya moto kichwani. Basi amtaje.

Lakini wewe usifumbe macho. Nikirudi nataka unieleze uso wa dada yako ulivyokuwa.

~~Mama Nangila~~
Mama Opicho. Mkubwa ni yeye.