Tone Lisilo Lake

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu kutoka huku mbali. Mimi ni mzima, ila mgongo unanung'unika kwa mifuko ya saruji. Wewe na mpwa wangu mnaendeleaje tangu msiba?

Barua yako imenifikia. Unasema binti anahema akipanda ngazi mbili tatu, na shuleni wametaka apimwe moyo kwa kile kipimo kipya. Umekataa, kwa sababu kipimo hichohicho kilisema baba yake ni mzima, na wiki tatu baadaye tukamzika. Nimeisoma mara nne.

Acha nikueleze ilivyokuwa. Wapimaji walikuja ghalani, mimi na mumeo tulikokuwa tukibeba saruji, wakaweka meza karibu na mizani. Muuguzi alisema wanachukua tone la damu kidoleni, wanalidondosha kwenye kikadi chenye chembe za dhahabu ndogo mno, jicho halizioni. Chembe hizo hunasa dalili za moyo unaoumia kabla mwenyewe hajajua. Mgonjwa naye hupewa dawa inayobebwa na chembe kama hizo mpaka kwenye mshipa wenyewe. Wanaiita nanoteknolojia. Shemeji akasema basi sisi tulishapona zamani, maana vumbi la saruji tumelimeza miaka kumi! Watu wakavunjika mbavu.

Lakini alikuwa na hofu. Tulidhani atakayekutwa na ugonjwa atafukuzwa. Msimamizi alisema sivyo, ila nani humwamini msimamizi? Kumbe wawili waliokutwa wagonjwa wametibiwa, na leo wanahesabu mifuko wakiwa wamekaa kitini.

Dada, kipimo hakikudanganya. Shemeji aliniomba nirudi mezani mara ya pili, nimevaa kofia yake na kushika kitambulisho chake. Sote tulikuwa kijivu kwa saruji, muuguzi hakututofautisha. Nikatoa kidole kingine. Moyo ulioonekana mzima ulikuwa wangu. Siku ya mazishi uliwalaani madaktari mbele yangu, nami nikakuacha uamini hivyo.

Yeye aliomba, lakini mimi ndiye niliyekubali. Nilidhani namsitiri, kumbe namchimbia kaburi. Nichukie, ni haki yako, ila mpeleke binti kwanza. Nimemuuliza daktari wa hapa. Amesema ugonjwa kama wa baba yake huweza kurithiwa, na ukiwahiwa hutibika. Usingoje hata kunijibu. Mpeleke leo.

Msalimie sana mpwa wangu. Akipona, mweleze mjomba wake alifanya nini.

Ni mimi mdogo wako, kama bado wanikubali.