Kikwembe Nilichokikata

Jumatatu, 8 Septemba
Nguo za harusi, zote za haraka. Umeme ulikatika, nikarudia mashine ya miguu. Asubuhi alikuja mama mmoja simjui, mpole, na kikwembe cha kijani, kitenge kizuri. Anataka blauzi na sketi. Nilimpima, nikakata papo hapo. Kwangu kitambaa hakilali. Mtaa wetu wa Kamalondo wote wanajua.

Maître Mbuyi, avoka anayetutetea, alipiga simu. Kesi tribunali ni wiki ijayo. Binti yangu Salima atasikilizwa milango imefungwa, yule mwanaume hatamwona. Jina lake siliandiki humu. Alijifanya msichana kwenye simu, akawa rafiki wa mtoto wangu, akamwomba picha, kisha akaanza kumtisha. Si Salima peke yake. Nashukuru polisi walimkamata. Nashukuru zaidi kwamba Salima aliniambia mwenyewe. Ana moyo kuliko mimi.

Jumatano, 10 Septemba
Ndugu za yule mwanaume wanatangaza mtaa wao wa Kampemba nzima kwamba tumepatana. Eti Mama Salima amepokea kikwembe na amekikata. Yule mama mpole ni dada yake!

Nilikaa chini. Kwa desturi yetu, kikwembe cha kupatana, ukikikata, umesamehe. Maneno yamekwisha. Nami nimekata kwa mkono wangu, huku naimba. Mjinga mimi. Nina hasira.

Alhamisi, 11 Septemba
Salima alisikia habari shuleni. Hakupiga kelele. Aliuliza tu: "Mama, umemusamehe?" Nilieleza yote. Aligeukia ukuta. Anasema haendi tribunali, nimeshamuuza.

Maître Mbuyi anasema kesi ni ya Serikali, haifi kwa sababu ya kitambaa. Lakini juge anayehukumu akiambiwa mama amesamehe, na mtoto naye asiposema, adhabu inaweza kuwa nyepesi.

Shemeji Ramazani, mdogo wa marehemu mume wangu, alikuja kunifokea mbele ya wateja. Eti nakata kila kinachonifikia, hata siulizi kimetoka wapi. Ana haki, na leo simpendi kabisa.

Jumapili, 14 Septemba
Salima hali. Nilipika bukari na sombe, chakula anachokipenda. Kikapoa.

Sikushona. Vipande vya kijani viko kwenye mfuko chini ya meza, sitaki kuviona. Mafundi wenzangu walikuja, wakakaa. Hakuna aliyeuliza kitu. Nawashukuru sana kwa hilo.

Jioni Salima alikubali kufika tribunali. Hadi kwenye korido tu, amesema. Sikumsukuma.

Jumanne, 16 Septemba
Nimechoka lakini lazima niandike.

Tulianza mlango ukiwa wazi. Salima alibaki kwenye benchi la korido na Maître Mbuyi. Avoka wa yule mwanaume alianza moja kwa moja na kikwembe: familia zimepatana, mama amekikata, mashahidi wapo. Juge akaniuliza. Nilisema kweli: mimi fundi, yule mama aliniletea kitambaa kama mteja, nikampima, nikakata. Watu walinong'ona. Nikajua nimepoteza.

Ndipo Ramazani akasimama nyuma, na kanzu yake ya Ijumaa, hajaitwa na mtu. Juge alimruhusu. Nayaandika maneno yake nisiyasahau: "Mheshimiwa, kikwembe ya kupatana haiendake kwa fundi. Banaileta ku nyumba, kwa banaume ya famille, na maneno inasemwa mbele ya bazee. Miye njo mukubwa wa hii nyumba. Hakuna muntu alipiga hodi kwangu. Ile iko kazi ya kushona tu."

Juge akamuuliza yule dada, naye alikuwapo, kama ni kweli. Akainamisha kichwa. Hata yeye anajua desturi.

Mara nikamwona Salima mlangoni. Alikuwa amesikia kila kitu. Alikaza kitambaa chake cha kichwa, akamwambia Maître: "Twende." Wakatutoa sote nje, mlango ukafungwa.

Sijui alisema nini. Sitamuuliza. Alipotoka aliomba maji, akanywa yote, akaegemea bega langu. Alhamdulillahi. Alhamdulillahi tena.

Jumatatu, 6 Oktoba
Hukumu. Jela, miaka mingi. Simu za yule mwanaume zimechukuliwa, picha za watoto zitaharibiwa. Mama wa mtoto mwingine alilia hadi tukamshika. Mimi sikulia. Nilimshukuru Maître, nikamshukuru askari wa mlangoni ambaye hakufanya chochote.

Kisha nikamshika Ramazani mkono, nikasema aksanti. Akaangalia pembeni. Akasema nimshonee kanzu mpya, ile imezeeka kwa ajili yangu. Tulicheka kama wajinga barabarani. Nampenda huyu mzee msumbufu. Leo naweza kuandika hivyo.

Jumamosi, 11 Oktoba
Joto. Vumbi jekundu hadi kwenye sindano.

Ramazani alipeleka vipande vya kijani kwa ndugu za yule mwanaume, akavikabidhi kwa wanaume wa nyumba ile, mbele ya wazee wao. Akasema kwa sauti kwamba hatukupatana. Imekwisha.

Baada ya chakula Salima alikuja dukani. Alikula vizuri. Alisimama karibu na meza, akaomba nimwonyeshe kukata. Nilitandika kitambaa cha bluu nilichokuwa nimejiwekea, nikachora kwa chaki, nikampa mkasi wangu. Alinitazama kwanza.

"Hii iko ya nani?"

Nikamwambia ni yake. Akakata.