Picha ya Mama Mkubwa Akiwa Nyumbani Kwake

Nyamwaga, Tarime
Jumatano

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Ninaomba barua hii ikukute umeamka salama na lile goti limeacha kukusumbua. Mimi mwili ni mzima, nakula, nalala, sina ugonjwa wa kutaja. Mahindi ya huku yamebeba vizuri na migomba haijaangushwa na upepo kama mwaka jana. Sijui huko kwenu Nyansurura mvua imewatendea vipi. Mwambie Elia nimepata ujumbe wake, nitamjibu.

Najua umeshangaa kuletewa barua wakati nina simu. Mama, wewe simu unaiweka sauti ya nje, ukiongea na mimi uwanja mzima unasikia mpaka kuku. Haya ninayotaka kukwambia si ya uwanja. Ndiyo maana nimempa mwalimu Scholastica akukabidhi mkononi. Vaa miwani, kaa ndani, uisome peke yako.

Nianze na Mama Mkubwa, dada yako. Umesikia kwamba alishindwa kwenye kura za maoni za udiwani, na kwamba Robi, mke wa nyumba yake, amerudi kwao Ringwani na watoto wote watatu. Ni kweli. Ila uliyoyasikia ni nusu, na nusu yenyewe imepinda.

Unajua alivyojiandaa. Miaka ishirini na sita ya uuguzi pale zahanati, hakuna mwanamke wa kata hii ambaye yeye hajamshika mkono wakati wa uchungu. Alikuwa na jambo moja tu kichwani, lile jengo la wazazi lililokwama kwenye linta tangu sijui lini, nyasi zimeota ndani mpaka mbuzi wanajificha mvua humo. Alikuwa na faili zima la barua za jengo hilo. Wajumbe walikuwa wanamsikiliza, mama, nimeona kwa macho yangu. Wazee ambao hawajawahi kumwacha mwanamke amalize sentensi walikaa kimya mpaka akamaliza. Kwa mara ya kwanza nilifikiri atapita.

Sasa kwenye lile gazeti letu la mtandaoni tulikuwa tunatoa habari za wagombea, mmoja mmoja. Mimi napiga picha, Agape anaandika. Agape ni yule binti wa Kilimanjaro niliyewahi kuja naye kwako, aliyekula ugali wa mtama akaomba mwingine. Mhariri wetu, Elibariki, yuko Dar es Salaam, hajawahi kukanyaga Mara lakini anatujua wote. Mgombea mwenzake Mama Mkubwa alikuwa Mogesi. Nikampiga picha Mogesi amesimama kwenye kalavati, ameonyesha kidole mbele, mbele kwenyewe hakuna kitu, ni shamba la mihogo. Elibariki akaipenda, akasema huyu ni kiongozi. Ilipofika zamu ya Mama Mkubwa nikampiga kwenye jengo lake, ameshika faili, ameegemea tofali. Elibariki akasema haina mvuto. Akasema mwanamke watu wanataka kumwona nyumbani yukoje, anapika nini, mume yuko wapi, amevaaje.

Agape alimbishia. Tulikuwa kwenye kikao cha simu, akaanza kutaja picha tulizotoa tangu mwanzo: wanaume wameshika kipaza sauti, wanawake wameshika sufuria. Akauliza ni lini tumempiga mgombea mwanamume akiosha vyombo, na kama hatujawahi, basi tunawaambia wapiga kura kitu gani. Tulicheka sana. Na mimi nilicheka, mama. Elibariki akamwambia aache siasa aandike habari.

Basi tukaenda nyumbani kwa Mama Mkubwa, Agape na daftari lake na simu yake, mimi na kamera. Mama Mkubwa hakutaka. Alisema mambo yake yako kwenye faili, hayako jikoni. Mimi ndiye niliyembembeleza, nikamwambia ni dakika chache tu. Alikubali kwa sababu ni mimi. Robi akapika, tukakaribishwa, na kama kawaida Robi akapiga magoti na jagi na beseni, akamnawisha Mama Mkubwa kwanza, watoto wamesimama pembeni wanasubiri zamu yao. Kwetu hilo nani analiangalia mara mbili? Ni mke wa nyumba yake anamnawisha mkubwa wa nyumba.

Baada ya siku tatu habari ikatoka. Agape alikuwa ameandika juu ya jengo la wazazi, ukurasa mzima. Ulibaki mstari mmoja. Juu waliweka picha ile ya beseni, na kichwa cha habari kikasema mgombea udiwani ana mke nyumbani, wakauliza baba wa watoto ni nani. Chini yake jina la Agape.

Sitakuandikia yote watu waliyosema huko mtandaoni, wewe ni mama yangu. Watu wasioijua Tarime wala nyumba ntobhu, mila yetu ya mwanamke kuoa mke wa nyumba yake, waliiongelea ndoa ile kwa namna ambayo hata mlevi wa kilabuni angeona aibu. Walimchora Mama Mkubwa amevaa suruali na ndevu. Mogesi hakuhitaji kusema neno, alipita tu kwa wajumbe akiwaonyesha simu yake, anacheka. Wazee walewale waliokaa kimya, ambao nyumba za namna hiyo zimo kwenye koo zao, wakaanza kusema kata haiwezi kuchekwa na nchi nzima. Alipata kura kumi na moja.

Kura angezimeza. Kilichommaliza ni Nashoni, yule mtoto mkubwa wa Robi. Wenzake shuleni walimwita mtoto wa bibi harusi mwenye ndevu, akapigana, akavunjwa jino, akakataa kwenda tena. Kisha Ezra, kaka yake Robi, akaja kutoka Ringwani na picha ile kwenye simu, akasema dada yake hawezi kuwa kichekesho. Robi alilia mpaka sauti ikakauka, lakini alifunga mizigo. Wazee walimwambia Mama Mkubwa kwamba kwa mila watoto ni wa nyumba yake, ng'ombe walitoka kwake, akitaka wanabaki. Alikataa. Alisema hatamfungia mtoto mahali anapochekwa. Aliwasindikiza mpaka barabarani, akarudi, akakaa.

Mama, unaijua ile nyumba kuliko mimi. Alizika mume, hakujaliwa mtoto, akaoa ili moto usizimike pale. Sasa umezimika.

Agape ndiye aliyebeba lawama. Jina lake lilikuwa pale, na ni mgeni, hajui mila, na simu yake ilikuwa mkononi siku ile. Sokoni wakakataa kumuuzia hata nyanya, mwenye nyumba akamwambia atafute pengine. Alikuja kwangu. Hakugomba. Aliniambia, "Boke, sema tu ukweli, mimi nitaondoka hata hivyo." Nikamwambia nitasema. Aliondoka Ijumaa.

Mama, picha ile niliipiga mimi.

Ningekuwa na nafuu kama ningesema sikujua. Elibariki alipoiona alinipigia akauliza huyu anayepiga magoti ni nani, nikamweleza vizuri, kama ulivyotueleza wewe tukiwa wadogo: kwamba mwanamke asiye na mtoto wa kiume anaweza kuoa, ili watoto wawe wa nyumba yake, na hakuna lingine hapo. Alicheka. Akanisomea kichwa cha habari palepale kwenye simu. Ningeweza kumwambia aifute. Lakini kwa miaka miwili picha zangu zilikuwa za pembeni, na akasema hii itakwenda juu kabisa, nchi nzima itaiona. Nikasema sawa. Kisha nikamwomba asiweke jina langu chini yake. Ona hapo, mama, ona jinsi nilivyojua. Jina langu nimelililia kwa kila picha ya kalavati, hii moja nikaomba lisiwepo.

Na Mama Mkubwa aliponiuliza, nilimjibu kwamba zangu ni zile za jengo tu.

Sasa nakaa naye. Alinifuata mwenyewe, akasema mimi peke yangu ndiye ambaye sikumtupa. Nalala chumba cha Robi. Jumamosi amewaita wazee wawili, anataka kutamka mbele yao kwamba mimi ni mtoto wa nyumba hii na kila kitu ni changu, na anataka wewe uwepo kama dada yake. Nikimwambia ukweli anabaki na kuta. Nisipomwambia, nitakaa hapa nikimnawisha mikono mpaka afe. Nimefikiri kila upande na sioni pa kutokea. Sikuombi unisamehe wala unipe ushauri, nilitaka tu mtu mmoja ajue kabla ya Jumamosi.

Wasalimu wote wa nyumbani, na mwalimu Scholastica umpe maziwa asirudi mikono mitupu. Mama Mkubwa anakusalimu sana. Amekaa hapa karibu yangu anachambua mboga, macho yake hayaoni herufi tena bila miwani. Ameniuliza nakuandikia nini, nikamwambia nakuita uje. Amenipa neno lake nikuandikie kama alivyolisema: "Mwambie asinihurumie. Mwambie nina mtoto."

Ni mimi mwanao,
Boke