Taa ya Pili

Kijijini, upande wa Baneh

Mwanangu Shilan,

Salamu zangu zikukute mzima, na baridi ya Tehran isikuingie kifuani. Unakula? Mimi sijambo, kikohozi tu. Mwandiko usiucheke, unajua shule niliiacha darasa la tatu. Simu yangu ameichukua ami yako Hamakarim, anasema inanitia kiburi, ndiyo maana naandika.

Mzigo ulioniachia niliutunza. Ile lenzi ya kamera ya kupigia picha vitu vidogo niliivalisha soksi ya marehemu baba yako isipate mkwaruzo. Kila alfajiri, kabla upepo haujaamka, nilipanda mlimani kwenye maua yako kwa njia ya kuzunguka ili nisifuatwe. Nalala kifudifudi kwenye umande, taa ya duara mbele, kitambaa cheupe juu yake mwanga upoe. Nikishuka nimejaa matope, wanawake wa kuni wananicheka. Nasrin akaniuliza nimepoteza hereni au akili. Nikamwambia hereni sijawahi kuwa nazo, basi anisaidie kutafuta hiyo nyingine.

Ami yako naye kila jioni anakuja kunywa chai, na maneno ni yaleyale: shemeji, msichana hasomeshwi kupiga picha majani, msichana anaozwa, na mwanangu Soran amechoka kungoja. Siku moja nikachoka mimi. Nikamwambia mwalimu wako amekuahidi kazi ukimpelekea picha ya ua lile likiwa limefunguka, na ukishapata kazi hurudi kuolewa na mtu. Akacheka mpaka chai ikammwagikia. Akasema haya, nimwone huyo mchumba anayemshinda Soran.

Nikamwonyesha, mwanangu. Kwenye kioo cha kamera, picha ya ua likiwa bado limefumba. Wewe uliniambia taa iwe karibu na ua, nyuma pabaki peusi. Mimi siku ya kuipiga, nilipoona weusi ule nikaona kama mtoto amesimama kaburini. Nikawasha taa ya pili, nikaielekeza nyuma, na lile jiwe lililopasuka likatoka wazi na ukoga wake wote. Nikajiona fundi. Ami yako aliitazama, akarudisha kamera, akasema mwanga mzuri, shemeji.

Nilipopanda tena nikakuta mashimo. Mashina yametupwa kando, maua yamefumba vilevile, viazi vya mizizini havipo. Nikasema ni wale wachimbaji wa mjini, wanaokuja kila mwaka kuvichukua wakavisage unga wa kukoleza maziwa. Nikalia, nikakuficha, nikijipa moyo nitapata mengine. Nimezunguka mlima wote. Hakuna.

Juzi kikohozi kikanizidi. Ami yako akaja na bakuli la maziwa ya moto, mazito, yamenyunyiziwa mdalasini. Nikamwombea umri mrefu. Nikanywa, nikaomba jingine. Akanisubiri nilambe kijiko, ndipo akaniuliza maua ya binti yangu yana utamu gani. Akasema hakuyachimbia pesa, viazi vyenyewe havikujaza hata kofia. Na jiwe lile alikuwa akichungia mbuzi hapo utotoni, alilijua mara moja, asante ya taa zangu. Sasa Shilan atarudi, akasema, akachukua bakuli lake akaenda.

Shilan, nimeyanywa mimi. Mabakuli mawili.

Kuna jingine, na hili ndilo lililonishikisha kalamu. Nimemsikia akimwambia Soran kwamba atakupigia kwa simu yangu, akuambie mama yako yu mahututi. Usije. Akikusikilizisha nikikohoa, usije. Osha vyombo vya watu, lala kwa rafiki, lakini nyumba hii usiikanyage. Hata nikiwa mahututi kweli.

Mzigo wako anauleta dereva Osman, taa zote mbili zimo. Soksi ya baba yako imo pia, ivae usiku. Wasalimie wenzako unaolala nao chumbani, na uwaambie wakulazimishe kula.

Mimi mama yako anayekutamani kila siku,
Gelawezh