Shemeji wa Mwenye Lango

Mumbuni, Machakos

Mjukuu wangu Mutheu,

Habari ya Kanada na hiyo baridi yenu? Huku tuko salama. Mama yako amepona kifua, na ng'ombe wetu amezaa ndama jike.

Umeniuliza mbona tiketi za hoki ya barafu zimekuwa ghali hivyo. Unasema ziliisha kwa dakika moja, halafu zikaonekana kwingine kwa bei mara tatu. Hoki siijui. Lakini hiyo "zimeisha" naijua vizuri.

Nilipokuwa msichana, ngoma za sarakasi kule Kangundo zilichezwa uwanjani na kila mtu alitazama bure. Mwaka mmoja mfanyabiashara fulani akauzungushia uwanja mabati, akaanza kuuza tiketi. Tulipofika langoni akatuambia, "Poleni sana, zimeisha." Nyuma ya maduka tukamkuta shemeji yake akiwa nazo mfuko mzima, bei maradufu. Watu wakazigombania kama sukari. Mimi nikachungulia kwa tundu la msumari kwenye mabati, nikaona mabenchi nusu ni matupu.

Huko watakwambia bei imepanda kwa sababu ya mishahara ya wachezaji. Huenda ni kweli. Wachezaji wetu siku hiyo walirudi kwao kwa miguu, ngoma zao begani.

Sikukatazi kwenda. Lakini kabla hujatoa pesa, uliza kwanza huyo anayekuuzia ni shemeji wa nani.

Ni mimi nyanya yako, bado macho yangu yanaona.